Mwalimu Abrahman na Maji ya Chokaa

Kwa huzuni kubwa na heshima zote za dola, familia inatangaza kuondokewa na Mwalimu Abrahman Sleiman Mkadam, Amiri Jeshi wa Moshi, Rangi na Harufu Mbaya, aliyezitia adabu pua za Unguja nzima.

Alizaliwa Malindi, Mji Mkongwe, tarehe 9 Machi 1942. Alisoma Kurani chuoni, kisha skuli hapo hapo mjini, akahitimu ualimu mwaka 1965.

Mwaka 1971 alimwoa Bi Rawiya Khalil. Kadi za mwaliko aliziandika mwenyewe, kwa maji ya ndimu. Mkwewe akazigeuza huku na huku, hazina hata herufi.

"Hii harusi ya watu au ya majini?"

"Zipashe moto, baba." Maandishi yakatoka.

Kuanzia 1985 alizunguka na sanduku lake la chupa, Nungwi hadi Bwejuu, akiwaonesha walimu na wapita njia kemia mbele ya macho yao. Akiwaambia: "Andikeni mlichokiona, si mlichokitaka."

Kisukari kikaanza kumla macho yeye mwenyewe. Hakusema. Walimu wangejua, angepumzishwa, na hakuwa na pengine pa kujiweka. Basi Bi Rawiya akawa anakaa mstari wa mbele. Kitu kikigeuka rangi, anakohoa.

Tarehe 14 Juni 2003, mjini, Hija, mwalimu wa Bwejuu, aliitwa mbele apulize pumzi kwa mrija ndani ya maji ya chokaa, yageuke kama maziwa. Mrija haujafika mdomoni, Bi Rawiya, siku hiyo ana mafua, akakohoa.

"Mnaona!" akasema Mwalimu. "Yashakuwa maziwa!"

Maji yalikuwa maangavu vile vile. Ukumbi mzima ukafahamu.

Hija akauweka mrija chini. "Naam, Mwalimu. Maziwa matupu."

"Matupu!" wakaitikia wote.

Mwalimu akashukuru, akafunga sanduku. Hakulifungua tena.

Figo zilimshinda, akafariki hospitalini jana, tarehe 2 Februari 2004. Ameacha mjane, watoto wawili, Ibtisam na Ridhwan, na wajukuu watano. Mola amghufirie, amnurishie kaburi, ampe pumziko lisilo na maumivu.

Hija ameomba na hili lisomwe. Wiki iliyopita alikwenda wodini, akamshika mkono, akamliwaza:

"Mwalimu, yale maziwa ya siku ile, mpaka leo nnayaona."

"Hukupuliza, Hija. Sikusikia mapovu."