Radhiya Athibitishe Ipi?

Barazani kwetu, hapa Mji Mkongwe, kila jambo la mtaa lazima lipite, lituhusu lisituhusu. Tushawachagulia watu majina ya watoto wao, tushawahamishia maduka. Alkhamisi iliyopita, baada ya sala ya alasiri, dele la kahawa liko kati yetu, akaja Kheir fundi milango, simu mkononi na uso umemshuka. Binti yake Radhiya kapata nafasi mbili chuoni: moja ya sheria tupu, nyengine ya sheria pamoja na biashara. Lazima athibitishe moja kabla ya saa kumi na mbili jioni ile ile, na namba ya kuthibitishia imetumwa kwenye simu ya baba. Mtoto yuko nyumbani anaisubiri. Baba kaileta kwetu kwanza.

— Nambieni nimwambie achukue ipi, alisema. Mie mambo ya vyuo siyajui. Nnaogopa kumharibia.

Wa kwanza kujibu alikuwa Borafya. Tunamwita Jaji, kwa kuwa alikuwa tarishi mahakamani miaka ishirini, akibeba majalada.

— Sheria tupu. Hiyo ya kuchanganya, siku atakayosimama mahakamani ataulizwa, anayesema hapa ni wakili au mfanyabiashara? Atajibu nini?

Raza, mwenye duka la vitambaa, akaweka kikombe chini.

— Jaji, siku hizi mawakili wengi kuliko kesi. Watu wa hapa wakigombana asubuhi, jioni washapatanishwa. Huyo wa sheria tupu itambidi apite nyumba hadi nyumba akiwachonganisha, ndipo apate kazi.

Kheir alimtazama Raza kama aliyekwisha kumwona bintiye akibisha hodi za watu.

Akaingia Talib, anayekaa mapokezi kwenye hoteli moja Kendwa na kwa hiyo hujiona anaijua dunia nzima. Alisema wenye hoteli wanawavizia vijana wa sheria na biashara hata kabla hawajamaliza mitihani. Watamkalisha Radhiya kwenye ofisi ya kiyoyozi aandike mikataba, na mkataba wa mwanzo utakuwa wa hoteli kulichukua shamba la mjomba wake. Jaji hakukubali kupitwa: basi mjomba atashitaki, na Kheir ataitwa shahidi.

— Shahidi wa nani? aliuliza Kheir.

— Wa pande zote mbili, akasema Raza.

Tulicheka. Kheir hakucheka. Ilikuwa saa kumi na moja na dakika ishirini, na kila mara aliigeuza simu kutazama saa. Nikaona na mimi lazima niseme, nikamshauri aziache zote mbili, mtoto asubiri mwakani. Naona haya hata kuyaandika.

Ndipo akaja Radhiya mwenyewe. Wasichana wa mtaa wetu hupita barazani upesi, shikamoo moja kwa wote, macho mbele. Yeye alisimama. Tuliitikia marahaba, na Jaji akaanza kumweleza upya habari ya wakili na mfanyabiashara. Radhiya alimsikiliza mpaka mwisho, kwa kuwa kalelewa vizuri.

— Wazee wangu, nshakusikieni, alisema. Nkisoma hiyo mtakayonichagulia, nkamaliza, nkakosa kazi, nije nimgongee nani mlango?

Raza aliangalia vikombe. Talib alitoa simu yake ambayo haikulia. Jaji aliinua dele na kulitikisa, kisha akalirudisha pale pale. Mimi nilitazama viatu vyangu. Kheir alitupitia mmoja mmoja kwa macho, akikawia kwa kila mmoja.

Akampa binti yake simu.

— Chukua, mama.

— Na mimi nnaogopa, baba.

Aligeukia ukutani, akabonyeza, akasita, akabonyeza tena. Akamrudishia baba simu kwa mikono miwili, akaaga, akashika njia ya kwao. Kheir aliutazama ujumbe ulioingia. Ulisema uthibitisho umepokelewa, basi.

— Kachagua ipi? aliuliza Jaji.

— Sijui, alisema Kheir, na alikuwa ameshasimama. Nnakwenda nyumbani kumuuliza.