Wimbo Unaosimama kwa Sylvestre

Mgeni rasmi uliyetufikia kutoka Bujumbura, Mesie Direkta, wazazi wetu, na ninyi watoto muliopanda juu ya ukuta: amahoro.

Mimi ni Cibalonza wa klarineti ya pili. Wenzangu wamenichagua nisome kwa sababu ni mimi peke yangu ambaye midomo haikuvimba kwa mazoezi ya asubuhi. Sisi wanafunzi wa fanfari, bendi ya shule, tunakukaribisha Rumonge katika konseri yetu ya kufunga mwaka huu wa 1972. Kiti ulichokalia ni cha Mesie Direkta. Yeye amekalia ngoma ya akiba. Usimhurumie, ameizoea.

Historia yetu

Fanfari yetu ilizaliwa Julai 1962, wiki ileile ya Uhuru. Bendera mpya ilikuwa imekwisha kufika, lakini hapa shuleni hakukuwa na muziki wa kuipandishia. Basi Bruda Odilon, mzungu aliyekuwa akifundisha hesabu, akaleta vyombo ishirini na viwili kwa boti ya samaki. Tuba mpaka leo inanuka ndagala, na paka wa soko wanamfuata Lukeba, anayeipiga, kila anakokwenda.

Bruda alitunga wimbo mmoja wa dakika tisa. Karatasi ya noti ilikuwa moja tu, na mende waliimaliza kabla ya Noeli ya kwanza. Kwa hiyo akafundisha kwa njia yake mwenyewe: hakuna anayesoma, kila mtu anamwangalia jirani. Suud akimaliza, Sabine anaingia na filimbi. Sabine akivuta pumzi mara ya pili, Radjabu anapiga ngoma. Anayemaliza shule anamwachia mdogo wake sehemu yake, pamoja na jirani wa kumwangalia. Bruda alirudi kwao mwaka wa 1965, wimbo ukabaki. Hatujui mwingine.

Mafanikio

Wimbo huo tumeupiga kwenye harusi kule Muhuta, kwenye mazishi mawili, na siku ya kufungua mashine ya kukamua mawese. Watu walilia kila mahali, kwa kiasi kilekile. Katika konseri ya mwaka wa 1969 kiboko alitoka ziwani akasimama nyuma ya wazazi mpaka mwisho. Yeye tu ndiye hakuzungumza katikati ya muziki.

Vyombo tunavilainisha kwa mawese, ndiyo maana unatuona na midomo myekundu. Wageni wengi hudhani ni mapambo.

Matatizo

La kwanza, ngozi ya ngoma kubwa imetoboka, na Radjabu anaipiga pembeni kwa huruma. La pili, tuna kofia kumi na tisa.

La tatu ni Sylvestre.

Sylvestre ndiye tromboni. Anakaa katikati, pale unapoona kiti kitupu, na wimbo wote unapita kwake. Nusu yetu tunamwangalia yeye tu. Mwezi wa tano, saa nne ya asubuhi, tulikuwa kwenye mazoezi katika uwanja huu, kamyo ikasimama barabarani. Mabwana waliokuwa ndani wakamwita kwa jina. Mmoja wao alituona tumeduwaa, akatutuliza: «Ni maswali kidogo tu. Atarudi mukiwa hamujamaliza wimbo.»

Akapanda na tromboni yake mkononi. Sisi ni wanafunzi watiifu, mgeni rasmi. Hatujaumaliza.

Kila Alhamisi tunapiga mpaka pale anapoingia yeye, tunanyamaza, tunangoja, kisha kengele inalia tunakwenda nyumbani. Mesie Direkta alishauri sehemu yake apewe Asmani. Asmani anaijua yote, haikosei hata kidogo. Lakini kila alipoipiga hakuna aliyeingia, kwa sababu sote tulikuwa tunaangalia kiti.

Mwezi wa nane tukaandika barua ofisini kwenu Bujumbura. Tulieleza kwa adabu kwamba kamyo imechukua tromboni moja na mwenye kuipiga, jumla viwili. Mwezi wa kumi likaja kasha lenye tromboni mbili mpya. Tunashukuru sana. Mama Marguerite, mama yake Sylvestre, anayeuza ndagala sokoni, alikuja kuziona. Alizishika moja moja, akauliza kama ndani hakuna barua. Hakukuwa na barua. Lukeba akachungulia tena kwa tochi, mpaka mwisho wa bomba, ili mama aone kwamba tumetafuta.

Maombi

Tunaomba ngozi moja ya ngoma na kofia tatu.

Tunaomba zile tromboni mbili zirudishwe, bado ziko ndani ya kasha, na badala yake tupewe Sylvestre. Hata bila tromboni. Na kama hajamaliza kujibu maswali, atamalizia hapa, sisi tutamsaidia. Mesie Direkta anakohoa kwa sababu mistari hii aliifuta jana. Atusamehe. Katika fanfari hii hatujawahi kusoma karatasi, niliikariri.

Na kama haiwezekani arudi leo, basi mama yake yuko hapa mbele, yule mwenye kitambaa cha kijani. Mwambie aliko. Usituambie sisi, mwambie yeye, hata kwa sauti ndogo. Tumechoka kumwona anaacha wateja na kutazama barabara kila kamyo inapopita. Na sisi tunaogopa, mgeni rasmi. Tukiumaliza wimbo kabla hajarudi, lile neno la wale mabwana litakuwa limevunjika, na waliolivunja tutakuwa sisi.

Mwisho

Sasa tutakupigia. Kwa dakika nne utasikia kila kitu vizuri, na filimbi ya Sabine utaipenda. Halafu tutanyamaza sote kwa pamoja. Tafadhali usipige makofi, wala usisimame kwenda kwenye gari. Wimbo utakuwa haujaisha, tutakuwa tunangoja. Wazazi wanajua, ndiyo maana wamekuja na chakula.

Mungu akupe afya, akufikishe salama kwako, na kila aliyetoka kwao asubuhi Mungu amrudishe. Murakoze.

Ni sisi, fanfari ya wanafunzi wa Rumonge, watu ishirini na wawili.