Makaburi Tisa kwenye Diski Moja

Benchi letu lipo Igogo, ubavuni mwa duka la dawa, mahali ambapo ukuta unatoa kivuli mpaka saa nne asubuhi. Josephat hufika na birika lake la kahawa na jiko la mkaa kabla duka halijafunguliwa, na wateja wake ni walewale. Kuna Kija, tunayemwita Dishi kwa sababu hufunga madishi ya televisheni juu ya mapaa ya watu. Kuna Mzee Chenge, jina lake la kijiweni Bandari, aliyetia mafuta injini za meli kwa miaka thelathini. Mimi hukaa mwisho wa benchi, na wananiita Karani kwa sababu mimi ndiye ninayeandika mambo ya ukoo wetu: nani alizaliwa lini, nani alizikwa wapi. Alhamisi hiyo nilifika na mfuko wa khaki, nikaupakata. Sikukusudia kusema chochote, lakini pale kijiweni hakuna anayeruhusiwa kukaa na mfuko ambao wenzake hawajui una nini.

Dishi: Karani, hayo maandazi tunakula au tunayaangalia?

Mimi: Ni diski ya kompyuta yangu ya nyumbani. Imekufa.

Bandari: Pole sana. Lini?

Mimi: Jumanne jioni, mzee.

Bandari: Iliugua?

Mimi: Ilikuwa inagonga ndani. Tik, tik, kama mtu yuko mlangoni. Kisha kioo kikawa cheusi, kikaandika kwa Kiingereza kwamba hakioni diski.

Josephat: Wahaya bwana! Hata kompyuta yao inakata roho kwa Kiingereza.

Walicheka, nami nikacheka kidogo. Kisha nikawaeleza. Mwaka juzi baba yangu, alipokuwa bado anatembea, alinizungusha kwenye kibanja chetu kule Muleba, akanionyesha makaburi ya wazee wetu katikati ya migomba. Yako tisa. Hayana misalaba wala maandishi, nyasi zimeyafunika, na mtu aliyejua nani amelala wapi alikuwa amebaki yeye tu. Nilimrekodi kwa simu dakika kumi na nane, akitembea na kutaja majina, fimbo yake ikionyesha. Simu ilipojaa nikahamishia kompyuta, nikafuta kwenye simu. Baba alifariki mwezi Machi. Jumamosi hii ndugu wote wanakusanyika, na fundi atayajengea makaburi na kuandika majina kwenye saruji. Kuleta majina ni kazi yangu. Basi langu linaondoka kesho alfajiri.

Dishi: Wewe Karani, na umakini wako wote huo, hukuweka kopi?

Mimi: Niliweka. Mbili.

Dishi: Sasa presha ya nini? Ziko wapi?

Mimi: Moja iko C. Nyingine iko D.

Dishi alishusha kikombe chake.

Dishi: Na hiyo D iko kwenye diski ipi?

Nikaugusa mfuko.

Dishi: Loo, mzee wangu. C na D ni chumba na sebule! Nyumba ni hiyohiyo. Umeweka cheti chumbani, kivuli cha cheti sebuleni, halafu nyumba imeungua.

Kwenye kioo zilionekana sehemu mbili tofauti, kila moja na herufi yake, nami nilikuwa nimeandika kwa herufi kubwa: BABA NAKALA YA KWANZA, BABA NAKALA YA PILI. Kwa miaka miwili nililala nikiamini nimemaliza kazi.

Bandari: Kwa nini usingeandika kwenye karatasi tu?

Mimi: Nilitaka nimsikilize kwa utulivu, mzee, niandike bila kosa hata moja. Majina ya watu hayaandikwi kwa haraka.

Bandari: Miaka miwili?

Mimi: Miaka miwili.

Bandari hakunicheka. Alimwashiria Josephat anijazie kikombe.

Josephat: Na fundi wa kompyuta amesemaje?

Mimi: Winnie wa pale Mkuyuni amesema nisiiwashe tena. Kila nikiiwasha inazidi kujikwangua. Wapo wataalamu Dar es Salaam wanaozifungua kwenye chumba kisicho na vumbi, ila ni wiki nyingi, na hawaahidi kitu.

Dishi: Winnie namkubali, lakini yeye ni wa darasani. Sikia njia ya mtaani. Unaifunga kwenye nailoni, unaiingiza kwenye friza usiku kucha. Chuma kinasinyaa, kinaachia. Asubuhi unaiwasha fasta kabla haijashtuka.

Bandari: Friza la nani?

Dishi: La yule mama wa sangara hapo chini.

Bandari: Marehemu atoke humo ananuka samaki? Hapana. Sikilizeni mimi. Meli yetu iligoma katikati ya ziwa, injini imekwama, abiria wanasali kwa lugha zote. Nikachukua nyundo ya mpira. Nikaigonga sehemu moja tu, ninayoijua mimi. Iliamka ikaenda mpaka Bukoba! Karani, hebu lete hicho kitu.

Niliukumbatia mfuko kwa mikono miwili.

Dishi: Mzee, hiyo siyo meli! Humo ndani kuna sindano nyembamba kuliko unywele.

Bandari: Ndiyo maana nikasema nyundo ya mpira.

Josephat: Mimi nawashuku wale wadudu wa ziwani. Wiki iliyopita walikuja kama moshi. Kama wameweza kuingia kwenye birika, kompyuta itawashinda?

Kila mtu aliangalia ndani ya kikombe chake.

Bandari: Birika hili?

Josephat: Nililiosha.

Dishi: Ngojeni niwape ukweli wenyewe. Hiyo video haijapotea. Kitu kikishaingia kwenye simu yako, kuna jamaa ng'ambo wana ghala chini ya bahari, wanakidaka. Wewe unafuta, wao wanacheka. Saa hizi yupo mtu huko anamwangalia baba yake Karani kila jioni. Kihaya ameshakijua.

Josephat: Basi tumpigie.

Dishi: Namba ndiyo sina.

Upande wa pili wa benchi alikuwa amekaa mama mmoja tangu habari ya nyundo. Alikuwa anasubiri duka la dawa lifunguliwe. Josephat alikuwa amempa kahawa na kipande cha kashata, naye alikuwa amejitambulisha kwa jina la Paskazia, mkazi wa Buzuruga. Hakuwa ametia neno mpaka hapo.

Paskazia: Samahanini, baba zangu. Nauliza tu. Siku hiyo, wewe mwenyewe hukuwepo?

Bandari alinitazama. Josephat akashika shughuli ya mkaa wake, ingawa ulikuwa unawaka vizuri.

Mimi: Nilikuwepo.

Paskazia: Na alikuwa anasema na nani?

Mimi: Na mimi.

Paskazia: Hukumsikia?

Mimi: Nilikuwa nimeshika simu, mama. Nilikuwa naangalia kama inarekodi.

Paskazia: Simu ulishika kwa mkono. Masikio alikushikia nani?

Hakusema kwa kejeli. Nikauweka mfuko chini ya benchi, kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo, nikafumba macho. Kilichonijia kwanza hakikuwa jina. Ilikuwa ncha ya fimbo, ikisukuma majani makavu ya migomba.

Mimi: La kwanza liko karibu na jiko la zamani. Ta Kagaruki, yaani Mzee Kagaruki. Babu yake baba.

Paskazia: Andikeni basi, mnaangalia nini?

Josephat alitoa karatasi za daftari anazofungia karanga. Dishi akatoa kalamu anayoweka sikioni. Paskazia alikuwa na yake kwenye pochi. Mimi nilikuwa na yangu. Bandari hakuwa na miwani, kwa hiyo alisema ataandika kichwani, akawa anarudia kila jina kwa sauti.

Mimi: La pili, mkewe, Ma Koburungo.

Dishi: Kobu nani?

Mimi: Koburungo. Taratibu. La tatu ni Ta Bishanga, aliyekwenda Uganda akarudi na baiskeli. Baba alisimama hapo akaniambia baiskeli hiyo haikuwa na breki.

Bandari: Ta Bishanga, breki hakuna.

Mimi: La nne ni Ma Kokulinda, la tano shangazi Prudencia. Hayo mawili wekeni alama. Sina uhakika lipi limetangulia.

Waliweka alama. La sita nililikumbuka kwa kikohozi cha baba: alikohoa, akasubiri, ndipo akasema Ta Rugaimukamu. La nane na la tisa yalikuja yenyewe, Ma Bernadetta na kaka yake baba, Ta Projest. Lakini la saba halikuja. Niliona mti mmoja mkongwe wa kahawa, niliona baba akiinama, nikaona na maandishi kwenye kioo cha simu yakiniambia chaji inakwisha. Wakati baba analitaja jina hilo, mimi nilikuwa nasoma maandishi hayo.

Mimi: La saba sina.

Dishi: Turuke?

Mimi: Hapana. Wacheni mstari mtupu. Ukiliruka, watahesabu manane.

Diski itakwenda Dar es Salaam na mtu wa Winnie wiki ijayo, na pengine watalitoa jina hilo humo. Niliwaambia hivyo, nao wakaitikia kwa adabu, kama watu wanavyomwitikia mtu aliye msibani. Dishi akaichukua karatasi yangu mkononi, akaitazama, akanirudishia.

Dishi: Na safari hii hazilali nyumba moja. Yangu naenda nayo kwangu Mkuyuni. Ya mama inaenda Buzuruga. Yako unapanda nayo basi. Mzee Bandari anabaki na ya kichwani hapahapa Igogo.

Josephat aliliinamisha birika. Kilitoka kijiko kimoja cha masimbi ya kahawa, basi. Duka la dawa lilikuwa limefunguliwa, na Paskazia akasimama, karatasi ameikunja mara mbili. Kisha akaikunjua tena.

Paskazia: Huyu wa saba. Alikuwa mtu mzima?

Nikafumba macho tena. Baba alikuwa ameinama chini ya ule mti wa kahawa. Alikuwa ameilaza fimbo juu ya nyasi, ncha moja kichwani pa kaburi, ncha nyingine miguuni. Fimbo ilitosha.

Mimi: Alikuwa mtoto.

Paskazia akaandika. Dishi akaandika. Mimi nikaandika, kwa herufi zangu za kawaida, polepole.

Bandari ndiye aliyetangulia kuondoka. Nilimsikia akivuka barabara, akiyataja majina kwa sauti ileile aliyozoea kuitumia kwenye kelele za injini: Kagaruki, Koburungo, Bishanga breki hakuna, Kokulinda, Prudencia, Rugaimukamu. Hapo akasimama, akageuka kuniangalia, nikamwinulia mkono.

"Mtoto," akasema, akaendelea na safari yake.