Jembe Limerudi na Kanga Yake

Benchi la Liberatus muuza kahawa liko Mlandege, mkabala na mashine ya kusaga, na wanaolikalia ni wale wale: Shadrack, anayeitwa Balozi ingawa pasipoti hana, na Mwigulu, anayeitwa Pilato kwa kuwa hukumu yake huwa tayari kabla ya mashtaka. Pembeni, juu ya ndoo iliyofudikizwa, huketi Bibi Devota na sinia lake la kashata. Asubuhi hiyo ya baridi habari ilikuwa yake. Alikuwa amemtuma mdogo wake, Sosthenes, avuke mpaka kwenda Malawi akamposee mjukuu wao Jofrey binti wa Karonga. Sosthenes alibeba jembe la posa, limefungwa kwenye kanga. Na mshenga wa ukoo wao hataji posa njiani. Akiitaja kabla hajakalia mkeka wa wenye binti, posa imeharibika, na nyumba ile haiombwi tena. Jana jioni akapiga simu: wamenikatalia kuingia. Chaji ikaisha hapo hapo.

— Ndiyo basi tena, alisema Balozi. Ukikataliwa unagongwa mhuri mweusi. Nchi yoyote utakayokwenda, wanauona.

— Umeuonea wapi, wewe ambaye hata Tunduma hujafika?

— Bibi, mengine ni ya kusoma.

— Basi soma hicho kikombe kabla hakijapoa.

Pilato akajifunga koti vizuri.

— Mhuri kitu gani. Huku ameshagongewa kutoka, kule hawamtaki. Si wa huku, si wa kule. Huyo anakaa katikati ya daraja la Songwe, chakula anarushiwa.

— Na nani?

— Kwa zamu. Leo sisi, kesho wao.

— Mpaka lini? aliuliza Balozi.

— Mpaka marais wapigiane simu.

— Marais wawili, kwa ajili ya Sosthenes, alisema Bibi Devota. Mtu ambaye hata mwenyekiti wa mtaa hapokei simu yake.

Liberatus alicheka hadi kahawa ikamwagikia mkaa. Bibi hakucheka. Mhuri na daraja havikumhusu. Alitaka kujua jambo moja tu: mdogo wake alipobanwa pale dirishani pa uhamiaji, alifungua mdomo au hakufungua?

Sosthenes akatokea njia ya stendi, vumbi mpaka kwenye nyusi, furushi kwapani.

— Kamwene, dada.

— Kamwene. Wamekulaza darajani?

— Darajani nifanye nini? Waliandika kwamba nimekataliwa, nikarudi kwa miguu. Wa kwetu wakaufuta mhuri wa kutoka, wakaniambia karibu nyumbani. Basi.

Balozi na Pilato waliinamia vikombe kama watu waliodhulumiwa.

— Kosa lako nini?

— Afisa aliniuliza ninakwenda kufanya nini. Nikamwambia, kwa watu. Kufanya nini kwa hao watu? Nikamwambia, nitawaeleza wenyewe nikifika. Akarudia tena, kwa heshima kabisa. Nikanyamaza.

— Mzee, si ungesema tu, alisema Pilato. Neno moja. Nani angejua?

— Mimi.

Bibi Devota alipangusa kashata ambazo hazikuwa na vumbi lolote.

— Kijana wa dirishani asikie kabla ya baba mwenye nyumba? Sisi hatujafika huko.

— Walisema mwenyeji wangu wa kule aje mpakani, aseme ananijua. Nimempigia asubuhi. Jumamosi atakuwepo.

— Jumamosi utakwenda. Na koti la maana uvae.

Mama mmoja mgeni wa mtaa akatoka mashineni na unga wake, akaomba kahawa. Aliliangalia lile furushi, sasa liko magotini mwa mzee.

— Shikamooni. Kumbe ndiye huyu aliyerudishwa mpakani? Kwani alikuwa anakwenda kufanya nini?

Liberatus akalitazama birika. Balozi akajikuna shingo. Pilato alifungua mdomo, akakutana na macho ya Bibi, akaufunga.

— Kwa watu, alisema Pilato mwishowe.

— Kufanya nini?

Bibi Devota alichagua kashata kubwa kuliko zote sinia zima, akamwekea Pilato kiganjani.