Sataranji ya Darasa la Sita

Ilikuwa Ijumaa moja ya mwaka tisini na sita, baada ya sala ya alasiri, na benchi la Haidari muuza kahawa pale Kibiti barabarani lilikuwa limeshapata watu wake. Haidari, bingwa wa bao, alikaa na dele lake la kahawa mbele. Pembeni yake Salumu Redio, mtu asiyeachana na kiredio chake hata akienda msalani. Kisha Abbasi Kapunguzwa, aliyepunguzwa kazi kiwandani Dar akarudi kwao na barua ya shukrani. Mwalimu Twalha alifika wa mwisho, akajibwaga kwenye benchi kama gunia la mpunga. Alikuwa akifundisha hesabu darasa la sita: watoto tisini na wanne, ubao mmoja, tena umepasuka.

— Mwalimu, leo umechoka mpaka kivuli chako, — Haidari alisema akimmiminia.

— Wale wafadhili, bwana. Walileta mbao sita za sataranji, wakachukua vipindi vyangu viwili kwa wiki. Sasa Jumatatu wanataka taarifa: mchezo unawasaidia watoto hesabu, au hauwasaidii?

— Andika unasaidia, ulale, — akasema Salumu. — Redioni nimesikia kwa masikio yangu. Warusi wamefika angani kwa sababu ya sataranji.

— Wamefika angani, na nchi yao imevunjika vipande, — Abbasi akadakia. — Hilo redio yako haikusema?

Haidari akatikisa kichwa.

— Mimi bao nimeanza sijaota meno ya ukubwani. Kete sitini na nne nazihesabu kwa macho, sigusi. Na hesabu ya darasa la saba nilipata sifuri. Sifuri yenyewe, Mwalimu! Mchezo ungekuwa unafundisha, mie leo injinia.

— Bao ni mashimo, — Salumu alisema. — Sataranji ina farasi. Mtoto wa hapa farasi hajamwona maishani. Akimwona anaruka na kupinda kona, akili inashtuka, inaumuka kama unga wa maandazi. Humo ndimo hesabu inamoingilia.

— Inaingilia wapi? — Haidari akauliza.

— Sikioni. La kushoto.

Twalha alitaka kucheka, ila hata kicheko kilimwia kizito. Abbasi akasogea mbele, sauti akaishusha.

— Mie nawaambia, wale hawafundishi hesabu. Wanawazoeza watoto kupunguzwa. Tazameni mchezo wenyewe: wa kwanza kutolewa nani? Askari. Mfalme je? Hatolewi! Kiwandani kwetu ilikuwa hivyohivyo. Tumeondoka mia mbili, meneja yupo kitini mpaka leo.

Haidari akajimiminia mwenyewe, jambo asilolifanya mara nyingi.

Mwanamke mmoja akavuka barabara, jembe begani, akasimama mbele yao. Alikuwa Semeni, mkulima wa upande wa Dimani, ambaye Twalha alimfahamu kwa mbali tu.

— Shikamoo, Mwalimu. Samahani nakuzuia na kahawa yako. Mie mama yake Sikujua, wa darasa lako.

— Marahaba, mama. Karibu.

— Mwanangu karudi ana malengelenge mikononi, wiki ya tatu hii. Nikamuuliza, akasema kuna vipindi wenzie wanacheza ili wajue hesabu, wao wengine wanakwenda kufyeka uwanja. Ni kweli?

— Ni kweli, mama. Mbao ni sita, zinatosha watoto kumi na wawili tu.

— Hao kumi na wawili mmewachaguaje?

Twalha akatazama kikombe chake. Aliwachagua mwenyewe, wanaoongoza darasani, ili wageni wakija shule isiaibike.

— Wale wanaojua, — alisema.

Semeni hakupandisha sauti.

— Basi hapo ndipo sielewi. Kama mchezo ndio unaofundisha hesabu, mbona anayejua kapewa mchezo, asiyejua kapewa fyekeo?

Salumu akazima redio. Haidari akawa anafuta kikombe kilichokwisha kufutwa.

— Sina jibu, mama Sikujua, — Twalha alisema hatimaye.

— Ukilipata utaniambia. — Akaweka jembe sawa begani, akaenda zake.

Jumatatu taarifa ya Twalha ilikuwa na mistari miwili: waliocheza wanajua hesabu, lakini walikuwa wanajua tangu zamani, wasiojua hawakuugusa mchezo. Wafadhili hawakuipenda. Mwezi haukuisha, mbao zikahamishiwa shule nyingine, na mwalimu mkuu akamnunia Twalha muda mrefu. Yeye akarudishiwa vipindi vyake viwili. Watoto wote tisini na wanne wakarudi ndani, wamebanana, jasho linawatoka, naye akaanza upya kufundisha kugawanya, tangu mwanzo kabisa, kwa wale wa nyuma. Siku nyingine alifika nyumbani hana hata sauti ya kuitikia salamu.

Mwisho wa muhula Sikujua alipata arobaini na moja kwa mia. Muhula wa nyuma alikuwa na kumi na tisa. Mwalimu mkuu akamwita Twalha ofisini, karatasi ya mtihani mkononi.

— Huyu mtoto umemfanya nini?

— Nimemfundisha, — Twalha alisema, akaomba ruhusa aketi.