Anyesi Matonya, Mlinzi wa Mazalia ya Samaki Mtera

Anyesi Matonya alizaliwa Mtera tarehe 4 Juni 1971, mtoto wa kwanza wa Mzee Matonya Chilewa na Mama Anna. Alikuwa na miaka tisa maji ya bwawa yalipofunika shamba la mtama la wazazi wake. Tangu hapo familia ikaishi kwa samaki.

Alimaliza darasa la saba mwaka 1985. Hakuchaguliwa kwenda sekondari, akaanza kupeleka perege Chang'ombe, mjini Dodoma. Samaki wadogo alikataa kabisa kuwauza. Mama mmoja aliyewaulizia alijibiwa, "Hao bado wananyonya, mama. Njoo mwakani." Watu walicheka, na yule mama akawa mteja wake kwa miaka ishirini.

Tarehe 19 Septemba 1992 alifunga ndoa kanisani na mvuvi, Ndugu Ernest Ndahani. Walijaliwa watoto watatu.

Kufikia mwaka 2015 mitumbwi ilikuwa ikirudi mitupu. Kijiji kikaamua kuifunga ghuba ndogo ambamo samaki hutagia, kikaweka maboya kuonyesha mpaka, na kumchagua Anyesi kuwa katibu wa kamati ya ulinzi.

Asubuhi ya tarehe 9 Februari 2017 aliwakuta watu wanne ndani ya ghuba wakivuta kokoro, wavu wa macho madogo unaozoa hata vifaranga. Mmoja wao alikuwa Daudi, mdogo wake wa tumbo moja. Ndiye mimi ninayewasomea.

Aliingia majini hadi kiunoni, kisu mkononi, mahali ambapo juma lile mamba alikuwa amechukua mbuzi.

"Dada, toka majini!"

"Achia kamba, Daudi."

"Watoto wangu wale nini?"

"Na mwakani watakula nini? Achia."

Sikuachia. Nilinyanyua kasia juu ya kichwa chake. Alilitazama, hakurudi nyuma hata hatua moja, akakata kamba. Kokoro lilichomwa hadharani, nami nikafungwa miezi sita kwa ushahidi wake. Mama yetu alikaa mwaka mzima bila kumsemesha. Mimi nilikaa karibu miaka minane.

Misimu mitatu baadaye perege wa kujaza sahani walirudi. Niliwavua, nikala, nikasomeshea watoto, na sikumwambia asante.

Januari 2024 aligundulika kuwa na saratani ya koo, akahamia kwa binti yake Penina, Area D mjini Dodoma, ili awe karibu na matibabu. Nilimtembelea mwezi Desemba. Sauti yake ilikuwa imebaki kidogo sana.

"Umekuja kuniomba radhi?" aliniuliza.

"Ndiyo, dada."

"Siku ile ungenipiga?"

"Sijui."

Alinitazama mpaka nikainamisha macho. Kisha akamwambia Penina, "Mletee mjomba wako kiti. Amesafiri."

Alifariki Jumatano, tarehe 12 Machi 2025, saa kumi na moja alfajiri. Alhamisi, kabla hatujaanza hata kuchimba kaburi, maboya ya ghuba yalikutwa yameng'olewa. Waliofanya hivyo wamo humu msibani, na wanajua kwamba ninawajua. Sitawataja mbele ya jeneza. Kina mama hawa wana uchungu wa kutosha. Ila Jumatatu asubuhi ninakwenda kuyarudisha maboya. Shemeji Ernest amesema atakuja na mtumbwi wake, na mwingine yeyote anakaribishwa. Atakayekuja na kokoro atatukuta majini.

Marehemu ameacha mume, Ernest; watoto, Penina, Loisi na Matonya; wajukuu watano; mama yetu mzazi, Anna; na mdogo wake mmoja, Daudi, aliyechelewa sana kumwelewa.

Pumzika, dada yangu. Mungu akupe amani yake.