Koti la Sufi la Mzee Aminieli

Pale Same, barabara inayoshuka kutoka Chome inapokutana na lami, palikuwa na ubao mrefu uliochomolewa ubavuni mwa lori bovu na kulazwa juu ya mawe mawili. Hicho ndicho kilikuwa kijiwe. Upepo wa Same haukukihurumia. Ukivuma saa nne asubuhi unakutilia vumbi kikombeni bila kukuuliza. Kahawa aliuza Evance, na wateja wake wa kila siku walikuwa watatu. Joseph aliitwa Redio, kwa sababu alisikiliza idhaa zote za nje na kuzisimulia kana kwamba yeye ndiye aliyezitangaza. Raymond aliitwa Daktari, kwa kuwa aliwahi kufagia zahanati miaka sita. Na Hamisi aliitwa Ramani, utingo wa zamani aliyefika Ndola mara moja na hakunyamaza tangu hapo. Siku hizo aliuza mitumba. Hatua tatu kutoka kwenye ubao, barazani, alikaa Lukia, aliyeitwa Mama Rabia, na cherehani yake. Ilikuwa miaka ya ruksa. Maduka yaliyokuwa matupu yalijaa, sabuni haikupangiwa foleni tena, na nguo zilishuka kwa marobota. Watu walifurahi, na Lukia hakuwalaumu. Lakini tangu Idi hakuna aliyemletea kitambaa ashone gauni. Alishona mito na magodoro ya sufi tu, na mtu mmoja wa Hedaru alikuwa ameshapatana naye bei, aje kuichukua cherehani mwisho wa mwezi. Wa kijiweni hakuwaambia. Alijua wangempa ushauri.

Asubuhi moja ya Januari alikuja Mzee Aminieli na barua mkononi. Alikuwa dereva mstaafu, mrefu kama nguzo ya simu, mikono yake ikifika karibu na magoti. Miaka kumi na miwili aliendesha Landrova ya mradi wa maji, akipanda na kushuka milima ya Upare na bosi wake, mhandisi mmoja Mnorwe.

— Shikamoo, mzee, alisema Evance.

— Marahaba, mwanangu. Nimiminie. Na leo mninyamazie kidogo, maana nina jambo.

Walinyamaza, jambo ambalo lilikuwa geni.

— Yule bosi wangu ananialika kwao. Wiki tatu, mwezi wa pili. Tiketi ameshatuma. Anasema tutakwenda mlimani na wanawe, kuteleza juu ya theluji.

— Kuteleza kwa bahati mbaya? aliuliza Daktari.

— Kwa makusudi. Unafungwa ubao miguuni, unaachiwa mlimani, unashuka.

— Mzee, umeula! alipiga kelele Ramani. Ulaya bila kutoa hata senti!

— Nimeula, ndiyo. Ila ameandika hivi: "Chukua nguo za kukukinga na baridi, mengine tutayaona huku." Sasa mimi najiuliza, nifungashe nini?

Kosa lake lilikuwa hapo. Hilo swali hukiulizi kijiwe.

— Chumvi, alisema Ramani papo hapo. Gunia zima. Unaitupa mbele yako, theluji inayeyuka, unapita.

— Akiyeyusha atateleza juu ya nini? Redio alimkata. Sikiliza, mzee. Nimesikia redioni, theluji ya milima ile inaporomoka mtu akiita kwa sauti. Kijiji kizima kinafunikwa. Kwa hiyo wewe ukishafika, usiseme. Fungasha daftari na kalamu, ukitaka ugali unaandika.

— Ugali wataupata wapi! Daktari alitikisa kichwa. Ninyi mnazungumzia mambo ya pembeni. Kitakachomuua ni miguu. Mzee, kila asubuhi paka mafuta ya taa kwenye nyayo, halafu pilipili ya unga ndani ya soksi. Damu haiwezi kuganda.

— Na wakiwasha kiberiti karibu yangu?

— Usiruhusu kiberiti.

— Breki je? Mzee Aminieli aliuliza, na safari hii hakucheka. Alikuwa dereva, hicho ndicho kilichomkosesha raha. Nimeisoma barua mara tatu. Hasemi lolote kuhusu breki.

Ramani akasimama.

— Jembe, alisema. Unafunga kamba ya katani kiunoni, jembe linakuburuzikia nyuma. Ukitaka kusimama unalikanyagia chini. Kule Ndola niliwahi kuona kitu cha namna hiyo.

— Ndola kuna theluji?

— Sikusema theluji. Nimesema jembe.

Lukia alicheka akiwa ameinamia mto, akaushika uzi kwa meno usimponyoke. Alimpenda yule mzee. Zamani za foleni, alipokuwa akishuka na gari kutoka kazini Mwanga, alikuwa akimletea bobini na sindano ambazo Same nzima hazikuwepo, na hakuwahi kumkumbusha.

— Koti nitamvalisha mimi, Ramani alitangaza. Kesho nafungua robota. Makoti ya Ulaya yaliyotoka Ulaya, yarudi kwao. Shida iko wapi?

Shida ilionekana kesho yake. Koti lilikuwepo, jekundu, la mama mmoja mnene mwenye mikono mifupi, na manyoya shingoni. Mzee Aminieli alijipenyeza. Mikono iliishia kwenye viwiko. Zipu ilipanda nusu ikagoma. Alipojaribu kuinua kikombe, mgongo ulipasuka kuanzia shingoni hadi kiunoni, na ndani ya kile kitambaa cha fahari hamkuwa na kitu ila sponji nyembamba kama karatasi.

Kijiwe kilicheka mpaka Evance akaweka birika chini. Mzee Aminieli naye alicheka, lakini Lukia aliuona uso wake alipolivua. Mtu aliyeheshimika milima yote ile, ameshika mkononi nguo ya mwanamke iliyochanika, na safari imebaki wiki tatu.

Alisema kabla hajafikiri vizuri.

— Mimi nitakushonea, mzee.

— Kwa kitambaa gani, Mama Rabia?

— Lile turubai la hema la mradi, si bado unalo? Ndani nitaweka sufi.

Ramani alijipiga paja.

— Sufi! Mnamfungashia godoro! Theluji ni maji, mama. Sufi itanyonya, mzee atakuwa na uzito wa ng'ombe, tutaletewa jeneza lisilobebeka.

— Hapo Ramani amesema kweli, alisema Daktari. Na mapafu hayapendi unyevu.

Lukia alisimama. Kwa miaka mingi alikuwa amewasikiliza watu wale watatu, hakuwa na sababu ya kubishana nao. Alichota konzi ya sufi kutoka kwenye kapu lake, akaenda hadi kwenye ndoo ambayo Evance alioshea vikombe, akaitupa ndani. Ikaelea. Akaisukuma chini kwa kiganja, akahesabu kimoyomoyo mpaka sitini, akaiachia. Ikaibuka. Akaikamua mbele ya pua ya Ramani. Maji yakachuruzika ya juujuu, na alipoichambua katikati ilikuwa kavu, nyeupe, nyepesi kama ilivyotoka kwenye tunda la msufi.

— Wavuvi wa bwawa la Nyumba ya Mungu wananiagizia mito hii waikalie ndani ya mitumbwi, alisema. Mtumbwi ukipinduka, mto ndio unawashikilia. Nyinyi mlidhani wanaipendea usingizi?

Evance alimmiminia kikombe, na hakumwambia kwa nini.

Alishona siku tano. Kazi haikuwa kujaza sufi; kila mtu angejaza. Kazi ilikuwa kuizuia isishukie chini na kumwacha mzee mabega matupu. Alishona mistari ya kwenda juu, kisha ya kukatana nayo, akapata miraba midogo kama chumba kwa chumba, na kila chumba akakipa sufi yake kwa kijiti. Sindano tatu zilikatikia kwenye turubai. Bitana aliitoa kwenye kitenge chake mwenyewe, chekundu chenye kuku wa manjano, kwa sababu hakutaka mzee aguswe na turubai shingoni. Siku ya nne yule mtu wa Hedaru alipita kuiangalia mashine.

— Bado, Lukia alimwambia bila kuinua kichwa. Ngoja huyu mzee aende na arudi. Kama amerudi mzima, tutaongea.

— Na asiporudi mzima?

— Utaichukua. Mimi sitataka kuiona tena.

Koti lilipokamilika, halikuwa zuri. Lilikuwa nene, lenye rangi ya vumbi, na lilisimama wima lenyewe barazani kama mtu anayengoja basi. Lakini lilimfikia Mzee Aminieli kwenye vifundo vya mikono, na alipoinua kikombe, hakuna kilichopasuka. Kijiwe kililiita Godoro. Halikuingia kwenye sanduku, kwa hiyo alisafiri amelivaa, katika jua la Same la mwezi wa pili, jasho likimtiririka masikioni, na Redio akikimbia kando ya basi akimpungia mkono na kupaza sauti:

— Mzee! Usiite mtu!

Wiki tatu zile Lukia alizihesabu. Mchana alishona mito. Alfajiri, upepo ukipiga bati, alimwona mzee amelala kifudifudi kwenye weupe, mishono imeachia. Alijaribu kukumbuka kama alirudia uzi kwenye bega la kushoto. Alikumbuka amerudia. Baada ya muda kidogo hakuwa na hakika.

Alirudi Jumamosi moja ya Machi. Hakupitia nyumbani kwanza. Basi lilimshusha kwenye lami, na kijiwe kilimwona akija, Godoro begani, anatembea kama kijana anayetoka kuposa akakubaliwa.

— Mzee! Miguu unayo?

— Ninayo.

— Vidole?

— Daktari, nipishe nikae.

Alikaa. Evance alimimina. Lukia alibaki kwenye kiti chake, mguu juu ya pedali, mshono umesimama katikati ya mto.

— Siku ya kwanza, Mzee Aminieli alianza, walinipa jaketi la dukani, jembamba, zuri. Nikawaambia asanteni, nimekuja na langu. Wale watoto wa bosi waliangaliana. Tukapandishwa juu kwa viti vinavyoning'inia kwenye waya. Nikafungwa ubao. Nikaanguka. Nikainuka, nikaanguka. Nilianguka mpaka nikaacha kuhesabu.

— Tulikwambia jembe!

— Sikiliza! Yule kijana wake mkubwa akaanguka mara moja tu, akateguka bega. Mimi naanguka kama mto unaotupwa kitandani! Siumii! Nikianguka kwa ubavu, sufi. Kwa mgongo, sufi. Bosi wangu alikaa chini akacheka mpaka machozi, akaniambia, "Aminieli, ninyi wote wawili mnadunda."

— Na maji? Lukia aliuliza. Sauti yake ilitoka ndogo.

Mzee alimgeukia.

— Mama Rabia. Siku tano kwenye theluji, kuanzia asubuhi hadi jioni. Nilipokuwa nikilivua, kuku wako wa manjano walikuwa wakavu, na mimi natoa jasho.

Lukia alitazama chini kwenye mto. Mshono ukamfifia kwa machozi, akafuta macho kwa pindo la khanga, na hakujali nani anaona.

— Breki sasa, alisema Redio kwa upole. Ziko wapi?

— Hazipo. Ni ubavu wa ubao. Siku ya tano ndipo nilipoelewa. Mnaikumbuka ile kona ya Chome wakati wa masika, gari linakwenda kwa ubavu, na ukikanyaga breki umekufa? Unaligeuza, unaliacha lijishike lenyewe. Nikajiambia, Aminieli, hii kona unaijua. Nikajiachia kutoka juu kabisa. Kulia, nageuza. Kushoto, nageuza. Upepo masikioni! Nikafika chini nimesimama, wima, mikono juu, koti limefunguka, kuku wote nje! Watu nisiowajua wakapiga makofi. Bibi mmoja akaja kuligusa.

Alitoa picha mfukoni. Kweli: weupe mtupu, na katikati yake mtu mrefu wa kutoka Same, mdomo wazi, mikono mirefu angani, na kitenge kinapepea.

Kijiwe kililipuka. Ramani alimkumbatia Evance, birika na yote.

— Mimi nilisema! Daktari alipiga kelele. Tangu siku ya kwanza nilisema, huyu anahitaji kitu chenye sufi!

— Wewe? Wewe na mafuta yako ya taa? Redio alisimama. Mimi ndiye niliyewaeleza habari za theluji, ndipo wazo likaja.

— Koti langu lisingechanika, la sufi lingetoka wapi? alisema Ramani. Haya, jibuni. Sisi watatu ndio tuliolileta koti hili duniani.

Mama mmoja alikuwa amesimama nyuma yao kwa muda, kikapu cha tangawizi kichwani. Alikuwa Koleta, mkulima wa Mhezi, ameshuka na lori la alfajiri, bado amejifunga blanketi kifuani kwa baridi ya huko juu. Aliwasikiliza wote watatu. Alitua kikapu, akalishika Godoro, akaingiza mkono wake ndani ya mkono wa koti, akaubonyeza kupima unene.

— Samahanini, baba zangu, alisema. Kwetu tunapakia tangawizi usiku wa manane na ukungu. Sasa mimi la kwangu nitalipata lini?

Ramani alimtazama Daktari. Daktari alimtazama Redio. Redio alichungulia ndani ya kikombe chake, kilikuwa tupu. Na Evance alipoinamisha birika, hakikutoka kitu.

Mtu wa Hedaru alikuwa aje Jumatatu. Lukia alishajua atakavyomjibu. Aliuvuta mto uliokuwa chini ya sindano, akaukata uzi, akautupa kapuni, akachukua futi yake na kuipitisha shingoni.

— Siku ya gulio, dada yangu, alisema. Njoo huku barazani nikupime. Na wewe Ramani sogea, unanizibia mwanga.